Siku Niliyokufa Honey Springs

Mimi ni mtu wa Mombasa. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe sikuvijua ndewe wala sikio, mpaka binti yangu wa miaka tisa aliporudi kutoka shule hapa ughaibuni, Guildford, akatupa mkoba sakafuni na kuniuliza kwa nini watu weusi hawakupigana. Walikuwa wamesomeshwa utumwa wa Amerika. Msichana mmoja akasema weusi walikaa tu kungoja wazungu waje wawafungue, na darasa zima likamgeukia binti yangu, mweusi wa pekee, kana kwamba ndiye aliyekaa.

Nikamuuliza mwenzangu wa kiwandani Fairfield, mzungu niliyefanya naye kazi miaka minne kwenye mashine moja ya kukatia sponji za magodoro. Alikuwa na chama cha watu wanaovaa sare za vita vile na kuigiza mapigano yake. Tulikuwa chanda na pete. Kila Ijumaa mke wangu alimfungia sambusa zake mbali na zangu.

Akaniazima kitabu. Humo nikakuta mapigano ya Honey Springs, ambayo hata Wamarekani wengi hawayajui. Kikosi cha weusi, wengi wao watumwa waliotoroka, kiliwekwa katikati ya mstari. Kikasimama, kikafyatua, kikawarudisha nyuma askari wa Texas, waliokuwa wakipigania utumwa, kikaiteka bendera yao. Wapo waliokuwa wakisema mweusi hawezi kusimama mbele ya risasi. Nilisoma ukurasa ule na kamusi pembeni, kisha nikausoma tena bila kamusi.

"Hatujawahi kuyaigiza kwa sababu hatuna mtu mweusi," mwenzangu akaniambia. "Njoo wewe. Bendera utaichukua wewe."

"Kweli?"

"Nakuapia, ndugu yangu."

Nikamweleza binti yangu, nikaongeza chumvi kidogo, baba ni baba. Naye akaenda kumwalika yule msichana wa darasani, aje na mama yake.

Jumapili ile tulikutana kwenye uwanja mmoja nje ya Parramatta, mimi nimevaa koti la sufu la buluu linalowasha mwili mzima. Chama kile kilikuwa na desturi yake. Kabla ya mapigano kila mtu huchota karatasi kofiani, imwambie kama ataanguka, na lini. Bila hivyo hakuna mwanamume atakayekubali kufa mbele ya mkewe. Nilipopeleka mkono kwenye kofia, mwenzangu akanizuia, akanipa karatasi yangu mkononi. Niliandikiwa nianguke kwenye mlio wa kwanza wa bunduki.

"Na bendera?"

Akatazama viatu vyake. "Wale wa upande wa Texas wamekataa kukuachia wewe. Wanasema haitapendeza. Tulikubaliana Jumatano."

Jumatano! Na Ijumaa aliketi nami, akala sambusa za mke wangu, akaniuliza kama nimefanya mazoezi ya kushika bendera. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alinivika yeye, akanifunga vifungo.

Ningeweza kuvua koti lile nikaondoka. Ningeweza pia kukataa kuanguka. Risasi zilikuwa za baruti tupu, nani angeniangusha? Lakini nilifikiria Jumatatu, mashine ileile na uso uleule mbele yangu, nikaona haya kuharibu shughuli ya watu. Bunduki zilipolia, nikaanguka. Nililala kifudifudi majanini nikisikia watu wanapiga makofi. Nilipoinua kichwa nikamwona aliyeshika bendera iliyotekwa. Alikuwa mwenzangu mwenyewe.

Binti yangu hakunijia mbio. Nilimkuta penye uzio, yule msichana na mama yake wameshakwenda. Siku hizo kila nikimsemesha Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alitafuta maneno yangu mimi.

"Ulisema walisimama."

"Walisimama, mwanangu. Walisimama kweli. Nyumbani nitakusomea kitabu."

"Mbona wewe ulilala?"

Mwenzangu nilimnunia hadi nilipoacha kazi ile, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Lakini swali lile hakuulizwa yeye.