Trei ya Mayai Niliyoipeleka Posani

Nacheka ninapowaeleza haya, lakini msidanganyike, aibu ile bado inaniwasha kama upupu, na Moa sijakanyaga tena.

Mwaka jana nilikuwa na mashine ya kutotolesha mayai hapa Mabawa, sebuleni kwa mama, na mimi ndiye fundi wake, bingwa wake na profesa wake (cheti changu cha shule ya jioni nilikitundika juu yake, vifaranga wakitoka wajue wamezaliwa kwa msomi). Siku ya ishirini na moja wakatoka wachache, mayai thelathini yakabaki kimya. Mama akasema, "Chimba shimo, kayafukie mbali." Nikayamulika kwa simu, nikaona meupe, hayana hata mshipa wa damu, nikamjibu, "Mama, haya hayakuwa na mbegu. Yai lisilo na mbegu haliozi. Hiki ni chakula!" Nikayafuta kwa kitambaa mpaka yakang'aa kuliko meno yangu, nikayapanga kwenye trei.

Keshokutwa yake Baba mdogo alikuwa anakwenda Moa, kule mpakani, kunipelekea barua ya posa kwa kina Zuhura. Zuhura huyo nimemsubiri miaka mitatu. Basi nikaona barua peke yake haitoshi, iende na trei, wazee waone binti yao hatalala njaa, na kwa kuwa sikumwamini mtu na mayai yangu nikayapakata mwenyewe garini, jua la njiani likiendelea kuyaatamia (nani anakwenda kwenye posa yake mwenyewe? Mimi!).

Tulipokelewa vizuri, wallahi. Shikamoo zikaitikiwa, barua ikawekwa kwenye sinia, shangazi yake Zuhura akaibeba trei, "Mashallah, mkwe mfugaji! Ngojeni niwapikie mkate wa mayai, mle jasho lenu."

Yai la kwanza likamlipukia mkononi kama bunduki. Harufu ikatoka jikoni, ikapita ukumbini, nadhani ikavuka mpaka ikaingia Kenya bila pasi. Baba mdogo akaziba pua kwa kanzu. Baba yake Zuhura, muungwana, akasema, "Ajali hizo. Wamekuuzia mabovu, mwanangu?"

Hapo ningeitikia ndiyo. Neno moja tu! Lakini usomi ukanipanda kichwani: "Hapana, mzee, ni ya mashine yangu, yalikaa siku ishirini na moja yakakataa kuanguliwa, ila kisayansi..."

"Kwa hiyo ulijua," akasema Zuhura nyuma ya pazia. Wala hakupaza sauti. "Ulijua ni mayai viza, ukawaletea wazazi wangu."

Barua ikarudi mfukoni mwa Baba mdogo haijafunguliwa.

Siku hizi yasiyoanguliwa nayafukia siku hiyo hiyo, shimo la kufika magotini, majivu juu. Mama hunitazama tu dirishani. Nimeapa nikiposa tena, mimi na mdomo wangu tutabaki nyumbani.

Lakini Zuhura keshaolewa Maramba, na wa kumposa simwoni.