Nondo wa Milimita Tatu

Kauntabuku langu lina neno moja tu juu ya jalada: NONDO. Nililiandika kwa herufi kubwa, nikazipitia mara tatu kwa rula mpaka zikalingana urefu. Unadhifu huo ndio ulioniponza.

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la baba mdogo, Sombetini. Tunauza saruji, misumari, mabati, waya wa kufungia, na nondo za kila unene. Asubuhi moja, nikiwa uani nampimia mteja waya, baba mdogo alitaka kujua nondo za mil kumi na mbili zimebaki ngapi. Akaliona kauntabuku chini ya kaunta, akalifungua akijua ni orodha ya mzigo. Akakuta jani kavu la kahawa limebandikwa kwa selotepu, na chini yake mchoro wa mdudu.

Mafundi wawili walikuwa wameegemea kaunta. Akawasomea.

"Nondo mzima. Urefu milimita tatu. Akitulia hulaza mabawa mgongoni kama paa la nyumba."

"Mil tatu?" akauliza fundi mrefu, yule anayechukua mzigo kwetu kila wiki. "Hiyo unamwagia zege la nini, dada? Banda la kuku?"

"La sisimizi," mwenzake akasema. "Tena ghorofa."

Nilikuwa nimerudi, nimesimama mlangoni na kipande cha waya mkononi. Huku kwetu ukisema nondo, mtu anaona chuma. Vijana wanaona shahada, maana mtu akihitimu chuo kikuu wanasema amelamba nondozi. Mdudu anakuja wa tatu, kama anakuja kabisa. Na fundi mrefu, ambaye hana haraka na maisha, alikuwa ameshapiga hesabu yake.

"Kwa hiyo huyu dada hana nondo, anauza nondo, na anasoma nondo."

Walicheka mpaka mteja wangu naye akacheka. Nilipaswa kuinamisha kichwa, nichukue kauntabuku langu nikalifiche. Badala yake nikasema, "Siyo hiyo. Ni huyo."

"Nini?" akauliza baba mdogo.

"Fundi amesema 'hiyo unamwagia zege.' Chuma ni hiyo. Nondo wangu ana uhai. Ni huyo."

Fundi mrefu akanipigia saluti. Baba mdogo alifunga kauntabuku, akalisukuma upande wangu. "Nilidhani una akili ya duka," akasema.

Nisijisifu. Nilipomaliza kusema hivyo nilirudi uani nikaupima waya wa mteja upya, ule ule. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kufuli mara tatu. Nikichora mguu wa mdudu ukapinda kidogo, nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Kauntabuku hilo ni la nne, na matatu ya kwanza hayakuwa yamejaa. Matokeo yangu ya kidato cha sita yaliniishia njiani, na tangu hapo kila ninachojua nimekiokota mwenyewe kwenye simu, kwa Kiingereza cha kuungaunga, nikiamini kwamba siku nitakayokosea hadharani watu watasema tuliwaambia.

Kosa lenyewe lilikuwa limeshatokea. Wao tu ndio walikuwa hawajui.

Yote yalianzia kwa bibi yangu, mzaa baba, juu ya Tengeru, ambako shamba linapanda kuelekea mlimani na maji ya mfereji yanapita nyuma ya jiko. Nilikuwa nakwenda huko kila Jumamosi. Bibi ana kahawa, miti isiyozidi sitini, katikati ya migomba na migrivilea, ile miti mirefu ya kivuli. Mwaka mmoja majani yakaanza kuwa na mabaka ya kahawia, kana kwamba mtu ameyapitishia pasi ya moto. Bibi alisema yameungua. Jirani alisema ni ugonjwa. Mimi nililichana baka moja kwa kucha, na ndani, kati ya ngozi ya juu ya jani na ya chini, nikakuta viwavi vyeupe, vimelala kama watoto ndani ya blanketi.

Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Nilinunua kioo cha kukuzia cha plastiki, Kaloleni, nikaanza kusoma. Kumbe walikuwa watoto wa nondo. Jenasi yao, yaani ukoo wao wa kisayansi, inaitwa Leucoptera, maana yake bawa jeupe. Bibi aliposikia alisema, "Lukopita," na limebaki hivyo. Kwenye kahawa ya huku wanatajwa ndugu wawili wa jenasi hiyo, nao ukiwaona wameruka huwezi kuwatofautisha kwa macho: weupe, wadogo, wanafumuka ukitikisa tawi kisha wanapotea. Unawajua kwa mayai. Mmoja, caffeina, hupanga mayai yake mstari mmoja kwenye mshipa wa jani, yamegusana, kama shanga. Huyo anapenda kivuli. Mwingine, meyricki, hutawanya yake huku na huku juu ya jani, na huyo anapenda jua.

Wapangaji na watawanyaji. Sihitaji kueleza mimi nilimpenda yupi.

Mwezi wa Januari nilikuta mayai yaliyopangwa. Yalikuwa kwenye miti ya karibu na ukuta wa jiko, penye kivuli, na mstari wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba nilitaka kuuchora mara kumi. Nikaandika kwenye kauntabuku: *Caffeina. Kata kivuli.* Nikamwambia bibi, naye akaniamini. Tulikata migomba sita ya katikati ya shamba na kupunguza matawi ya mgrivilea mkubwa mpaka ukabaki kama mpini wa jembe. Nilirudi mjini nikijihisi mtaalamu.

Jua la kiangazi likaingia. Majani yalizidi kuungua, yakaanza kudondoka. Nilipoingia safari hii hadi katikati ya shamba na kugeuza jani baada ya jani, niliona mayai yametapakaa kila upande, bila mstari, bila adabu. Meyricki. Wengi kuliko wenzao wa ukutani. Wale wanaopenda jua, na mimi ndiye niliyewafungulia dari.

Niliificha habari hiyo wiki mbili. Naiandika hapa kwa sababu ndiyo sehemu inayonitia aibu kuliko kosa lenyewe. Wiki mbili nilimpigia bibi simu badala ya kwenda, nikimuuliza hali ya kuku.

Kilichonitoa mafichoni ni baba mdogo. Siku chache baada ya yale ya dukani alitangaza kwamba Jumamosi atapeleka watu wang'oe kahawa yote, apande parachichi. "Mama anahangaika na miti iliyokufa," alisema. "Na wewe unamtia moyo na wadudu wako."

Ijumaa niliomba ruhusa, nikawahi kwa bibi. Nilimkuta nje ya jiko anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona leo? Mume wetu hayupo miaka yote hii, umekuja kumgombania?"

"Bibi, ile migomba tuliyokata. Nilikosea."

Kisu hakikusimama. "Yote sita?"

"Yote."

"Na mgrivilea?"

"Na mgrivilea."

Akatupa ganda kwenye beseni. "Kwa hiyo umenivua nguo mchana kweupe."

Nikaanza kulia, nikaanza kueleza mayai, mshipa, kivuli, wiki mbili zangu za unafiki. Aliniacha mpaka nikamaliza pumzi. Kisha akasema, "Sasa unataka nini? Nikusamehe, au nikuonyeshe machipukizi ya migomba yalipo? Maana jua linazama."

Tulipanda machipukizi manne jioni ile, na mawili asubuhi yake, kabla baba mdogo hajafika.

Alikuja na vijana wawili, sururu na msumeno wa mashine. Alimsalimia mama yake, akaitikiwa, akaenda moja kwa moja shambani. Nilitangulia mbele yake nikiwa na majani mawili mkononi, moja la ukutani na moja la katikati. Nikayainua yote mawili.

"Nilikosea Januari," nikasema. "Niliangalia miti ya ukutani tu. Kule kuna kivuli, na kuna nondo wa kivuli. Sikufika huku katikati, ambako kuna nondo wa jua, tena wengi zaidi. Nikawaongezea jua."

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali."

"Basi kaa pembeni."

"Sikai."

Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo maishani. Hata yule kijana mwenye msumeno aliushusha chini.

"Mtu akiharibu mara moja," baba mdogo akasema polepole, "nimwachie shamba aharibu tena? Kuna watu wamesomea haya mambo. Wewe umesomea wapi?"

"Hapa," nikasema, nikimwonyesha miti. "Na kosa ni langu, kwa hiyo najua liko wapi. Hawa hawaui mti, baba mdogo. Wanakula jani. Mti ukipata kivuli na mvua unatoa majani mengine. Msumeno ndio unaoua mti."

Alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi, nyuma yetu, na beseni la ndizi kiunoni na kisu mkononi.

"Wewe. Choo cha kwanza ulichonijengea kilidumu muda gani?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Nauliza."

"Mvua moja."

"Kilianguka kwa nini?"

Vijana wa msumeno wakasogea karibu wasikie.

"Hukuweka nondo," bibi akasema. "Ulisema ukuta mfupi hauhitaji nondo. Mwenye duka la nondo. Mimi nilikwambia uache kujenga?"

"Hapana, mama."

"Ulijenga cha pili. Ndiko nilikokwenda asubuhi hii, na bado kimesimama."

Kijana mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Baba mdogo akachukua sururu, akaanza kuhesabu miti ya njiani.

Hakuondoka mikono mitupu. Alisema ameshawaleta watu, na bibi akamwachia mstari wa njiani, miti minane mizee. "Iliyobaki ni mpaka vuli," bibi akasema. "Vuli ikipita na majani yako hivi, rudi na huo msumeno, sitakuzuia. Na huyu naye hatanililia." Alininyooshea kisu cha ndizi ili nijue huyu ni nani.

Nilisimama nikaisikiliza ile minane ikianguka, mmoja baada ya mwingine. Nilijilazimisha. Mti wa kahawa ukianguka hautoi mshindo, unatoa mlio kama wa mtu anayekaa kwenye kiti kibovu. Baada ya hapo niliokota jani moja kwenye kila mti ulioanguka. Sita yalikuwa na mayai ya kutawanyika. Niliyabandika yote.

Jioni hiyo nilifungua ukurasa wa Januari ili niuchane. Nilishaushika pembeni, na kidole kilikuwa kimeanza kuvuta. *Caffeina. Kata kivuli.* Maandishi mazuri kuliko yote kwenye kauntabuku zima, wino haukumwagika hata mahali pamoja. Nikawaza kwamba nikiuchana, mtu atakayelisoma ataona nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na hatajua kwa nini shamba la bibi halina mstari wa njiani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu yake kwa mkato, bila rula: *Nilikosea. Niliangalia ukutani tu.* Mwandiko ukapinda. Nikauacha.

Siku hizi kauntabuku linakaa juu ya kaunta, karibu na mashine ya risiti. Nililitoa chini makusudi. Anayetaka kucheka acheke akiwa ameshasoma.

Wiki iliyopita fundi mrefu alilifungua wakati namwandalia mzigo. Amezoea kulipekua akisubiri, kama wengine wanavyopekua magazeti ya zamani kwa kinyozi.

"Dada, hapa umeandika umekosea."

"Ndiyo."

"Kwa wino mwekundu."

"Ndiyo, fundi."

"Na hukuchana?"

"Sikuchana."

Akatikisa kichwa. "Mimi ningechana."

"Ndiyo maana kila Alhamisi unarudi kuongeza nondo. Hukumbuki wiki iliyopita ulikosea wapi."

Mwenzake akapiga kaunta kwa kofi. Fundi mrefu akaniambia nina mdomo, nami nikamwambia ahesabu mzigo wake kabla hajaupakia. Akahesabu. Alikuwa ameagiza nondo mbili pungufu ya alizohitaji, akaongeza hapo hapo, bila kunitazama.

Baba mdogo alikuwa ameketi nyuma kwenye mifuko ya saruji. Hajawahi kuligusa tena lile kauntabuku. Alisubiri mpaka mafundi wakaondoka.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wepi?"

"Wale wako."

Nilisikia alivyosema. Alisema wale, siyo zile. Sikumwonyesha kwamba nimesikia.

"Katikati kuna majani mapya," nikasema. "Yenye mabaka bado yapo. Migomba imeshika, lakini kivuli chake bado kidogo."

"Vuli ikipita nakuja," akasema. "Mama alisema nirudi."

"Njoo," nikamwambia. "Ila safari hii uje na kioo cha kukuzia. Nitakuonyesha mayai kwanza, ya ukutani na ya katikati, ndipo uamue. Na nikikuta nimekosea tena, utalisoma humu kabla hujalisikia kwa mtu."

Alinyanyuka, akajipangusa vumbi la saruji kwenye suruali, akaenda kumpokea mteja. Nikavuta kauntabuku, nikaandika juu ya ukurasa mpya tarehe ya Jumamosi, siku yangu ya kwenda kwa bibi. Tarakimu ya mwisho ilitoka imelala upande. Nikaendelea kuandika.