Dole Gumba la Bi Rukiya

Iko alasiri moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni tangu miaka ile ya vita. Kila nimwonapo mtu akitia sahihi karatasi juu ya goti lake huku anacheka na wenziwe, alasiri hiyo hunirudia nzima nzima. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikwenda Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, katika nyumba ya mjane aitwaye Bi Rukiya, nikachukua alama ya dole gumba lake juu ya hati. Na kabla jua halijatua nilikuwa nimeingiwa na hofu ambayo sikupata kuijua kabla ya siku ile.

Nikueleze kwanza kazi yangu, maana sipendi jambo lisimuliwe nusu. Nilikuwa karani wa wakili mmoja, Bwana Nurudini, Mwislamu wa asili ya Kihindi, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani, hatua chache kutoka sokoni Marikiti. Zama zile wanawake wengi wa Mji wa Kale hawakuwa wakienda ofisini. Hati ndizo zilizowaendea. Karani aliketi ukumbini, bibi akaketi nyuma ya pazia. Karani aliisoma hati kwa sauti, akauliza kama imefahamika, kisha mkono ukatolewa pembeni mwa pazia, naye akalipaka wino dole gumba na kuligandamiza chini ya maandishi. Mwisho aliandika maneno haya: "Nimemsomea hati hii, ameifahamu, naye ametia alama yake kwa hiari yake mbele yangu." Akatia sahihi. Maneno hayo ndiyo yaliyoipa karatasi nguvu. Bila hayo, lile lilikuwa doa la wino tu.

Nami nilikuwa na tabia moja niliyoiona ni ustadi. Mwandiko wangu ulisifiwa, na nilichukia kuuharibu kwa kuandika juu ya mapaja katika nyumba za watu. Kwa hiyo maneno yale nilikuwa nikiyaandika ofisini asubuhi, juu ya meza, kabla sijaondoka, na sahihi yangu naiweka papo hapo. Nikifika kwa mwenyewe, lililobaki ni dole. Fikiri maana yake, mwanangu. Nilikuwa nikiishuhudia hiari ya mtu ambaye sijamfikia, katika jambo ambalo halijatokea.

Siku hiyo alinipokea Mselemu, mkwewe Bi Rukiya, mume wa bintiye Mariamu. Alikuwa mnyapara wa makuli wa bandarini kule Shimanzi, mtu mpana wa kifua na mwingi wa mzaha. Ndiye aliyemjia Bwana Nurudini akasema kuwa mama mkwe wake amekubali kumuuzia nyumba.

"Ahlan, karani! Karibu, kaa kitako. Wallahi mwandiko wako unasifiwa mpaka bandarini."

"Masalkheri, bwana. Bibi yupo?"

"Yupo papo hapo nyuma ya pazia. Ana homa kidogo, sauti imempotea. Wee soma upesi, yakhe, asichoke."

Nikamwamkia bibi. Nyuma ya pazia pakajibu kikohozi. Nikasoma, na nilisoma kama tulivyokuwa tukisoma makarani wengi, mbio mbio, kwa lugha ya mahakama, kana kwamba anayesikiliza ni hakimu wala si mama wa watu aliyekaa juu ya kitanda chake. Nilipofika mahali paliposema kuwa nyumba inauzwa moja kwa moja, pamoja na ardhi yake, nilisikia kitanda kikilia.

"Bibi, umefahamu?"

Aliyejibu ni Mselemu. "Amefahamu. Tangu jana amefahamu."

Akaingia nyuma ya pazia, ati kumsaidia mama. Mkono ukatoka. Ulikuwa mwembamba, hina imefifia kuchani, na nilipouchukua ulikuwa baridi. Nikalipaka wino dole. Mara ukarudi ndani kwa ghafla, ukaacha mstari mweusi juu ya kitambaa cha pazia. Kisha nikausikia mnong'ono wa Mselemu, mfupi, usio na mzaha hata chembe:

"Basi leo hii namwacha Mariamu, na watoto nawapeleka kwetu Siu. Hutawaona tena."

Halafu mkono ukatoka mara ya pili, na safari hii kifundo chake kilikuwa kimeshikwa na vidole vya mtu mwingine.

Nilisikia, na niliona. Sitasema leo kwamba sikusikia. Nilijiambia kuwa maneno ya watu na wakwe zao hayanihusu, na kuwa kazi ya karani ni karatasi. Nikaligandamiza lile dole. Alama ilikaa upande, imevurugika. Mselemu akatoka anacheka, akaniletea kahawa na haluwa, akanieleza kuwa yuko mfanyabiashara ambaye mwezi huu huu atainunua nyumba ile kutoka kwake aigeuze ghala. Nami, Mungu anisamehe, nilikula ile haluwa.

Nilipofika kwetu nilimkuta mama jikoni. Mama yangu aliwajua wanawake wa Kuze nyumba kwa nyumba.

"Umetoka kwa Rukiya? Yu hali gani?"

"Ana homa. Sauti imempotea."

"Imempotea lini? Asubuhi alikuwa hapa kwangu, amekaa pale, anasema mpaka chai imempoa. Ameniambia atakodisha chumba cha chini apate kutengeneza dari, na Mselemu atamletea karani na karatasi ya kukodisha."

Nikauvuta mkoba wangu karibu. Mama akanitazama.

"Karatasi yenyewe ni ya kukodisha?"

"Ni ya kuuza, mama."

Aliuweka upawa chini. "Na yeye mwenyewe alikwambia nini?"

"Hakuniambia neno."

"Uliisikia sauti yake?"

"La."

"Basi hukumsomea Rukiya. Umelisomea pazia."

Hapo ndipo hofu iliponikamata sawasawa. Hati ile ilikuwa ingali mkobani mwangu. Asubuhi ningemkabidhi Bwana Nurudini, naye angeipeleka kusajiliwa, na baada ya hapo nyumba ingepita mikononi mwa mnunuzi asiyejua lolote. Bi Rukiya angebaki kushindana mahakamani, na ushahidi wa kwanza dhidi yake ungekuwa mwandiko wangu mzuri. Nikisema kweli, nitakuwa nimekiri kuwa nimeshuhudia uongo, na jela naiona mbele yangu. Nikinyamaza, mjane wa watu anatolewa nyumbani kwake kwa mkono wangu. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu, mwanangu. Sikuiona.

Asubuhi, nikielekea ofisini, nilimkuta Mselemu kando ya Marikiti, kwenye mikokoteni ya mananasi, na pamoja naye makuli wawili.

"Subalkheri, karani. Mbona macho mekundu? Umeoa jana bila kutualika?"

"Subalkheri, bwana."

Akanishika bega, akaenda nami sambamba. "Nasikia mamako ni sahibu yake mama mkwe wangu. Wanawake wana mengi. Lakini hebu nikuulize, maana wewe ni msomi. Mimi nimeandika neno lolote katika karatasi ile?"

"La."

"Aliyeandika kwamba bibi ametaka mwenyewe, ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi elewa. Nikifungwa mimi, uji wa jela tutaunywa bakuli moja."

Makuli wakacheka. Bega langu likaachiwa. Nilizipanda ngazi za ofisi, na nilipofika juu nilimweleza Bwana Nurudini kila kitu kabla sijakaa. Nilijua nikikaa sitasema.

Hakuniuliza kwanza habari za Mselemu. Aliichukua hati, akaisogeza dirishani, akayatazama yale maneno ya chini.

"Haya uliyaandika lini?"

"Jana asubuhi, bwana. Juu ya meza hii hii."

"Kabla hujakwenda?"

"Kabla."

"Na hati nyengine? Ngapi umezifanya hivi?"

"Zote, bwana."

Alivua miwani yake. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Katika hizo zote," akasema, "ngapi zilitiwa alama na mkono ulioshikwa?"

"Sijui, bwana."

"Hujui. Wala mimi sijui. Tena jina lililo juu ya zote hizo ni langu."

Saa ile ile tulikwenda Kuze, yeye na mimi, na mama yangu tukampitia. Mselemu alikuwa kazini. Mama aliingia nyuma ya pazia akakaa na mwenziwe. Bwana Nurudini hakusoma kitu. Aliuliza tu, kwa maneno mepesi kama anayemuuliza jirani yake: bibi ametaka kufanya nini na nyumba yake?

Sauti iliyotoka haikuwa imepotea hata kidogo. "Nataka kukaa ndani yake mpaka nife. Sikuuza nyumba yangu. Niliogopa kwa ajili ya mwanangu." Kisha akasema, "Yule karani wa jana yupo?"

"Nipo, bibi."

"Nilikungoja uniulize mimi. Uliuliza mara moja, akajibu mwengine, ukaridhika. Mimi nilikuwa nimekaa hapa nakungojea."

Nikatoa kalamu na karatasi tupu mkobani, nikaziweka juu ya goti langu.

Bwana Nurudini aliandika juu ya hati ile kuwa haifai na kwa sababu gani, akaihifadhi. Mimi nikaandika maelezo yangu kwa mkono wangu, safari hii baada ya jambo wala si kabla. Hati haikusajiliwa. Usidhani mambo yaliishia kwa furaha. Mselemu alipopata habari alimwacha Mariamu jioni ile ile, barazani, mbele ya watu, kwa hiyo anayesema kuwa vitisho vya namna ile ni maneno matupu hajui asemalo. Mariamu alitoka na watoto wake wawili na mzigo wa nguo, akaingia kwa mamake, na mlango ukatiwa komeo. Mselemu aliugonga siku tatu akidai watoto. Ungekuwa mlango wa ghala la mtu, Mariamu angeingia wapi? Mimi sikufungwa wala sikufukuzwa. Nilikatazwa kushika dole la mtu, nikawekwa kunakili barua mwaka mzima, na miezi mingi nilizunguka njia ndefu ili nisipite Shimanzi.

Tangu hapo nimezitumikia karatasi umri wangu wote, za wakili na kisha za serikali, na ghadhabu niliyo nayo kwa makarani wanaotanguliza sahihi ni ghadhabu ya mtu anayejijua. Basi nisikilize. Mapatano ni ridhaa ya watu wawili, na karatasi ni chombo chake tu. Ridhaa ikiwa na ila, yaani kasoro, karatasi ina ila, hata ikipigwa mihuri. Nguvu inaiharibu, na usifikiri nguvu ni fimbo peke yake: kumtisha mama kwa ndoa ya bintiye ni nguvu. Udanganyifu unaiharibu, kama pale mtu anapoambiwa anakodisha kumbe anauza. Yako pia makosa yasiyo na mwovu, wawili wakapatana juu ya kitu kimoja na kila mmoja ana chake kichwani. Na jihadhari zaidi na mtu ambaye huwezi kumkatalia, mlezi wako, mwalimu wako, mwenye kukulisha. Anapokuletea kalamu, sheria yenyewe humtazama kwa jicho la shaka, nawe mtazame hivyo. Mtoto, na aliyepotewa na akili, usimtake sahihi. Tena fahamu kuwa mapatano mengi yenye ila hayavunjiki yenyewe: husimama mpaka aliyeonewa ainuke aseme. Kwa hiyo ukionewa sema mapema, kabla mali haijapita kwa mtu wa tatu. Na ukiitwa ushuhudie, muulize mwenyewe, akiwa peke yake, kwa maneno ya nyumbani, ungoje mpaka ajibu yeye. Asipojibu, funga kidau chako cha wino uondoke, hata kama mwenye nyumba amekasirika.

Mola akukinge na mkono wa kukulazimisha, na akuepushe usiwe wewe mkono huo kwa mwenzio. Akupe moyo wa kusema ukiwa unatetemeka, na nyumba usiyotolewa kwa hila, wewe na kizazi chako. Amin.