Manase Alisamehewa Pombe

Jumapili ya pili baada ya Pasaka, mwaka 1955, katika kanisa dogo la Kilutheri la shamba moja la mkonge upande wa Mwera, Elizabeti aliificha mikono yake ndani ya khanga na kukataa kuitoa. Washarika wote walikuwa wamekwisha kupita mbele, mmoja mmoja, wakampa Manase mkono wa kulia. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Mtu aliyetengwa na Meza ya Bwana kwa kosa alilolifanya aliketi benchi la nyuma miezi, pengine miaka. Na siku ya kurudi alisimama mbele, mzee wa kanisa akalitaja kosa lake, yeye akaitikia kwamba ametubu, kisha kila mmoja akampa mkono. Baada ya hapo haikuruhusiwa mtu kulitaja kosa lile tena.

Mzee wa kanisa, Asheri, alikuwa ametaja makosa mawili ya Manase: ulevi, na kuishi na mwanamke asiye mkewe. Manase aliitikia yote mawili. Kanisa likaimba. Ilipofika zamu ya Elizabeti, alisimama mbele ya yule mwanamume bila kumtazama, akamgeukia Asheri.

"Mmemsamehe pombe," alisema. "Mkono wa Hiza hamkuutaja."

Kisha akatoka nje, akaenda zake nyumbani.

Kila mtu pale alimjua Hiza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Elizabeti, na Beatrisi alikuwa wa pili. Elizabeti alizaliwa vilimani, chini kidogo ya Amani, katika nyumba ya Washambaa waliobatizwa tangu enzi za Wajerumani. Alishuka pwani na mumewe kutafuta kazi ya mkonge, mume akafa kwa homa, naye akabaki shambani kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kuzoea. Kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito, asiyejua kunong'ona, na hata alipomwombea mgonjwa majirani wa nyumba ya tatu walisikia.

Hiza alifanya kazi kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku moja mwaka 1952 majani yalikwama kwenye mashine. Amri ilikuwa mashine isimamishwe kwanza ndipo mtu atie mkono. Lakini kuisimamisha kulikuwa lazima kuelezwe kwa Mzungu wa mitambo, naye alikuwa mtu wa matusi. Manase, aliyekuwa mnyapara wa korona, alimwambia Hiza ayachomoe majani mashine ikiendelea. Hiza aliyachomoa. Korona ilimchukua mkono wa kulia hadi juu ya kiwiko.

Hilo lilikuwa baya, lakini lililofuata ndilo lililomkaa Elizabeti rohoni. Hiza akiwa bado amelazwa hospitali ya Tanga, ofisi ya shamba ilimwita Manase aeleze. Manase alieleza kwamba yeye alimkataza kijana, na kijana akakaidi. Basi ikaandikwa kwamba kosa ni la Hiza. Hakupata fidia yoyote. Alitolewa kazini na chumbani, na tangu hapo akaishi Ngamiani, mjini Tanga, akilinda baiskeli za watu wanaoingia sokoni. Kanisani hakukanyaga tena. Alimwambia mama yake kwamba Mungu wa Manase hamfai.

Elizabeti alikwenda kwa wazee wa kanisa mwaka ule ule. Wazee walimsikitikia, wakamwombea, wakasema jambo lile ni la kazi, si la kanisa. Kanisa lilikuwa na makosa yake liliyoyajua: pombe, ngoma, mke wa pili, kwenda kwa mganga, kutambika. Mtu aliyetia mchele kidogo juu ya kaburi la baba yake alitengwa mwaka mzima. Mtu aliyesema uongo ofisini na kumla mwenziwe uzima wake aliendelea kuketi benchi la mbele, akipokea mkate na divai, mpaka siku alipoonekana amelewa.

Siku tatu baada ya Elizabeti kukataa, wazee walikutana. Waliamua kwamba asiyemsamehe aliyesamehewa na Mungu anajitenga mwenyewe na Mungu. Kwa hiyo Elizabeti atakaa benchi la nyuma mpaka atakapompa Manase mkono. Asheri alipeleka habari mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alimbembeleza, akamkumbusha kwamba Beatrisi atapata kipaimara siku ya Pentekoste, wiki chache tu mbele. Katika usharika ule mtoto aliyepata kipaimara alipiga magoti mezani kwa mara ya kwanza pamoja na mzazi wake. Beatrisi hakuwa na mzazi mwingine.

"Sasa, Mama Hiza, utamwacha mtoto apige magoti peke yake kama yatima?"

"Nani anamfanya yatima, mzee Asheri? Mimi au nyinyi?"

Asheri alisema yeye anafuata utaratibu tu. Elizabeti alimwambia akaufuate kwake, maana hapa ana maharage jikoni.

Beatrisi, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alilia usiku ule na kesho yake. Alikuwa amejifunza mafundisho miaka miwili, na gauni jeupe lilikuwa limeshonwa tayari. Mwishowe alimwambia mama yake, kwa upole, ampe tu yule mtu mkono. Ni mkono tu, utaisha mara moja. Elizabeti aliacha kuchambua mboga, akamtazama mpaka msichana akainamisha kichwa.

"Kamwambie kaka yako hivyo hivyo," alisema. "Mwambie ni mkono tu."

Hasira yake haikuwa kwa Manase peke yake. Hili alilitamka kwa mtu mmoja, Mwatumu, jirani yake Mwislamu aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya njia ya kwenda kwenye korona. Asubuhi, wateja wakishapungua, Elizabeti alikaa pale juu ya kigoda kabla ya kwenda kwenye singa. Alisema kwamba akimfikiria Manase amesimama pale mbele, uso umetulia, ameoga, amesamehewa, anamchukia aliyemsamehe. Mungu ametoa msamaha wa kitu kisicho chake. Mkono ulikuwa wa Hiza. Mbona hakuulizwa Hiza?

Mwatumu aligeuza kitumbua. Alisema yeye hawezi kuingilia dini ya watu, lakini kwao wamefundishwa kwamba haki ya mja Mungu humwachia mja mwenyewe. Ukimdhulumu mtu, unaweza kusali mpaka paji la uso lichubuke, lakini lazima umwendee yule mtu.

"Na asipokusamehe?"

"Basi una kazi, mwenzangu. Lakini umwendee kwanza. Nyie hamwendeani?"

Swali hilo lilimwudhi Elizabeti kuliko benchi la nyuma.

Mchungaji Noa alikuwa akizungukia mashamba mengi, akifika pale mara moja kwa miezi miwili. Alifika Alhamisi kabla ya Pentekoste, juu ya baiskeli, amechafuka vumbi. Elizabeti hakungoja aitwe. Aliingia katika nyumba ya mwinjilisti alikofikia, mchungaji akiwa bado ananawa miguu, akamsalimu, na kabla ya kuitikiwa akaanza kueleza. Alieleza yote, korona, ofisi, baiskeli za Ngamiani. Alimaliza kwa kusema kwamba kama Mungu anasamehe hivi, mtu anatubu pombe na anafutiwa pamoja na lile asilolitaja, basi Mungu huyo amekula njama na wanyapara.

Mchungaji alikuwa kijana kuliko yeye. Alikausha miguu polepole. Ni wajibu kusema kwamba hakumkemea. Alituma Asheri na Manase waitwe.

Manase alikuja na kofia mkononi. Alikuwa amekonda tangu aache pombe. Mchungaji alimwuliza kama alimkataza Hiza kutia mkono. Manase alisema mambo hayo yalikwisha, ofisi iliandika.

"Sikuulizi ofisi iliandika nini," mchungaji alisema. "Nakuuliza wewe."

Asheri alianza kusema kwamba ndugu Manase amekwisha kurudishwa kundini na si halali kufukua, lakini mchungaji alimwinulia kiganja.

"Sikumkataza," Manase alisema. "Nilimwambia achomoe. Nilisema nilimkataza kwa sababu ningefukuzwa mimi." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alianza kunywa mwezi ule ule, na kwamba siku aliyosimama mbele ya kanisa alingoja Asheri alitaje hilo pia. Asheri alipotaja mawili tu na kunyamaza, aliona labda Mungu ameliruka.

"Uliona Mungu ameliruka," Elizabeti alisema. "Mimi niliona mmeliruka nyinyi wawili."

Mchungaji alitaka waombe papo hapo, wote wapige magoti, jambo liishe. Aliyasema hayo kwa moyo mwema, kama watu wa kanisa wasemavyo wanapoona mtu ameungama. Elizabeti alibaki amesimama. Alisema mkono hauko hapa, uko Ngamiani. Basi Manase aende Ngamiani, aseme pale alivyosema hapa. Akirudi, aende na ofisini. Kisha ndipo waongee habari za magoti.

Mchungaji alifikiri. Halafu alimwambia Manase afanye hivyo, tena akamwambia Asheri kwamba wao wazee na yeye mwenyewe mchungaji wamekosa, kwa kuwa walimwuliza mtu yale waliyoyajua tu. Mungu hakuliruka lile neno. Alikuwa tayari kulisamehe tangu mwanzo, ila Manase hakumpelekea.

Elizabeti alipokuwa mlangoni, mchungaji alimwita.

"Na wewe, mama. Hasira uliyo nayo na Mungu umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

"Mimi siye. Kamwambie yeye mwenyewe."

Ijumaa mchana, Manase akiwa juu ya lori la singa kwenda Tanga, Elizabeti aliingia kanisani peke yake. Mwatumu, akipita na sinia lake, alisikia sauti nzito ikisema Kishambaa kwa haraka, ikipanda, ikinyamaza kana kwamba inasubiri kujibiwa, ikapanda tena. Alifikiri mwenziwe amemkamata Asheri mle ndani. Aliweka sinia chini akachungulia ili akaamue ugomvi. Elizabeti alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono kiunoni, hakuna mtu mwingine. Mwatumu aliondoka kimya. Baadaye alimtania kwamba kama ndivyo Wakristo wanavyosali, si ajabu wanajenga kanisa mbali na nyumba za watu. Elizabeti alisema alikuwa anadai. Alipoulizwa kama amelipwa, alisema ameambiwa angoje, lakini angalau amesikilizwa. Kisha akalia, na Mwatumu akamshika bega mpaka alipomaliza.

Jumapili ya Pentekoste kanisa lilijaa. Beatrisi alikuwa mbele na wenziwe katika magauni meupe, akigeuka kila mara kutazama benchi la nyuma. Watoto walipokwisha kuwekewa mikono, kabla ya Chakula cha Bwana, Manase alisimama bila kuitwa. Alisimulia habari ya korona, maneno aliyomwambia Hiza na maneno aliyoiambia ofisi. Alisema amemwona Hiza mbele ya soko, amemwambia yote, na watu wenye baiskeli zao walisikia. Hiza hakumsamehe. Alimjibu kwamba amechelewa miaka mitatu, kisha akamwuliza kama mama yake ni mzima. Jumatatu, Manase alisema, atakwenda ofisini. Pengine atafukuzwa. Hakuomba mkono wa mtu yeyote. Alitembea mpaka nyuma akaketi mwisho wa benchi, mwisho mwingine wa lile alilokalia Elizabeti.

Asheri alimwinamia mchungaji akamkumbusha, kwa sauti iliyosikika, kwamba Elizabeti bado hajatimiza sharti. Mchungaji alimjibu kwamba meza ile si yao wazee wala si yake. Akamwita Elizabeti kwa jina.

Mchungaji alipowaongoza washarika katika toba, akawauliza kama wanaungama kwa moyo, Elizabeti aliitikia ndiyo kwa sauti iliyowashtua watoto. Alipiga magoti kando ya binti yake. Uso wake haukuwa wa furaha. Ulikuwa wa mtu aliyesafiri kwa miguu na bado hajafika. Alipokea mkate, akapokea kikombe, na mkono wake wa kushoto ulilishika gauni la Beatrisi mpaka likakunjamana.

Baada ya ibada alimkuta Manase nje karibu na mlango, akiwapisha watu. Alisimama mbele yake.

"Sijakusamehe, Manase. Namwomba Mungu anipe, maana mimi sina. Usinisalimie mpaka nikuite."

"Nimesikia, mama."

Jumatatu Manase alikwenda ofisini, na kabla ya wiki kwisha aliondolewa unyapara, akapewa panga akate mkonge pamoja na wengine. Habari ya Hiza iliandikwa upya. Alichopewa kilikuwa kidogo, naye alikipokea kwa hasira. Muda wote huo Manase alipita mbele ya mlango wa Elizabeti asubuhi na jioni, kichwa chini, bila neno. Elizabeti alimwona kila siku. Mwezi wa tisa, akiwa ameinama anafagia mlangoni pake, alimwita Manase kwa jina.