Namba za Moja Tupu

Fundi Baridi, jina alilobandikwa na wateja kwa sababu ya friji anazotengeneza, alikuwa na kichwa kigumu kushinda kompresa. Tangu alipokosana na dada yake juu ya nyumba ya marehemu mama yao, hawakusemezana. Watu wazima wawili, jamani. Kilichobaki kati yao ni mafumbo ya namba. Dada, mwalimu wa kompyuta aliyemfundisha kuandika programu, alituma fumbo kwa simu. Fundi alijibu kwa namba. Salamu hakuna. Alimkumbuka dada yake mpaka moyo ukamuuma, lakini nani aanze?

Fumbo la safari hii lilionekana mchezo. Tafuta namba iliyoandikwa kwa moja tupu, kama 11 au 111, inayopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe. Moja peke yake haihesabiwi. Akaandika programu ya mistari michache, akaiamuru isisimame mpaka ipate, akarudi kwenye friji ya mteja.

Hadi mchana kompyuta ilikuwa inanguruma mezani, imepata moto, jibu haijapata.

"Baba watoto, hiyo nayo itaungua," mkewe alisema. "Si umpigie wifi yangu umuulize?"

"Nimpigie nimwambie nimeshindwa? Thubutu."

Akazima programu kwa hasira, akashika kalamu. Akaanza kugawanya kwa nne, maana ndivyo dada alivyomzoeza. Namba nzima yoyote ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa nne, hubakisha sifuri au moja. Hizi za moja tupu, ndefu kwa fupi, zilibakisha tatu. Zote. Kumbe tangu asubuhi alikuwa ameituma mashine ya watu ikatafute kitu kisichokuwepo.

Akacheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Sasa atajibu nini? Namba ya kutuma haikuwepo. Fumbo hili lilitaka maneno. Na dada yake hakuwa mtu wa kutunga fumbo bila kujua mwisho wake.

Akafuta grisi mikononi, akapiga. Simu ikapokelewa papo hapo.

"Dada, shikamoo. Hiyo namba haipo."

"Marahaba. Najua haipo. Nimeshika simu tangu asubuhi, mdogo wangu. Watoto hawajambo?"