Mwenzangu wa Zamu ya Mchana

Mwaka wa 1988, nikiwa na miaka ishirini na moja, bwanangu aliachishwa kazi kiwandani akarudi kwao bila kuniaga. Aliniacha mtaani Mukuru kwa Reuben na mtoto mgongoni. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nikafulia watu nguo. Unga sikuomba mtu.

Jirani yangu naye alikuwa na mtoto mchanga, na matajiri wa kufuliwa hawataki kelele ya mtoto. Tukakubaliana: kazi moja, watu wawili. Asubuhi nafua mimi mtaa wa Buruburu, yeye amebaki na watoto wote wawili. Mchana ananipokea, mimi narudi kwa watoto. Wangu akililia ziwa alimpa lake, wake akilia nilimpa langu.

Akinikuta nakamua shuka kwa hasira, husema, "Polepole, dada. Hiyo si shingo ya bwanako."

"Ingekuwa yake ungenikuta naimba."

Majuzi msichana wa takwimu alikuja kwangu, mtaa wa Mowlem, anauliza kila mtu kazi aliyofanya wiki iliyopita. Nikamwambia nashona nguo mpaka saa sita.

"Basi shosho," akaniita kama nyanya yake, "wewe ni wa nusu siku."

"Andika. Na mchana nalea wajukuu. Hiyo utaitia wapi?"

"Iko na swali lake, tutafika." Akaendelea, "Ungetaka kuongezewa saa za kazi, kama zingepatikana?"

Nilikumbuka tulivyokuwa nusu na nusu, na hakuna siku iliyonitosha kama zile.

"Saa sitaki. Namtaka mwenzangu wa zamu ya mchana."

"Yuko wapi?"

"Alienda Vihiga kumuuguza mama mkwe, akabakia huko. Simu yake haishiki tena."

"Hapo sina pa kuandika, shosho."

"Najua. Weka hapana."

Akaweka.

Leo nina ploti yangu Mowlem, vyumba sita vya mawe. Nina cherehani mbili, tangi la maji na kuku wa kienyeji. Chumba kimoja nakaa mimi na wajukuu. Vinne vina wapangaji. Cha sita nimekipaka rangi nikatia kitanda na godoro, na anayekiulizia namwambia kina mtu.