Samaki wa Hina

Kazi yangu ilikuwa kubeba moshi. Kila nilipomwambia mama hivyo kwa simu alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama kweli nilipandishwa ndege kwa ajili ya hilo. Kweli. Hoteli yenyewe ilikuwa Pearl, kile kisiwa cha Doha kilichojengwa kwa kumwaga mchanga baharini. Kila jioni, taa zikishawashwa, nilitoka chumba cha nyuma nikiwa na chetezo mkono wa kushoto, ndani yake kaa moja jekundu, nikaanza kuzunguka ukumbini polepole. Nikimfikia mgeni nasimama, natabasamu, natia chembe ya udi kwa mkono wa kulia, nainama kidogo, nainua. Wanaume walijivutia moshi kwa viganja mpaka kwenye ndevu. Wanawake waliupokea ndani ya mitandio yao, wakafumba macho.

Ukumbi ule ulikuwa na sakafu iliyong'aa kiasi kwamba boti za nje zilionekana chini ya miguu yetu, vichwa chini. Moshi ulipotanda, watu walikuwa kama wanaelea, na mimi nikielea katikati yao. Nilifanya hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka mwili ukaacha kuniuliza. Mkono ulikwenda, tabasamu likaja, mgongo ukainama, nami mwenyewe nilikuwa mbali, labda nyumbani Kitui nikichuma pojo, labda sipo popote. Si maisha mabaya. Ni kama kulala umesimama.

Ijumaa nilikwenda kanisani. Huko makanisa yote yako pamoja pembeni mwa mji, ndani ya uzio mmoja, na ukitazama kutoka nje huoni msalaba juu ya paa wala husikii kengele. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo huanza kunionea huruma, na mimi huwakatiza, maana huruma ya bure inanikera. Hakuna mtu aliyewahi kunizuia kusali Doha. Mkoba unapitishwa kwenye mashine, unaambiwa karibu, unaingia. Msalaba wangu mdogo ulikuwa ndani ya sanduku kwa sababu sare ya hoteli haikuruhusu mkufu, wa Mkristo wala wa nani.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Hakuna aliyeniuliza. Si mgeni, si bosi, si jirani wa kwenye basi. Nyumbani ningeulizwa kila siku, jamani, umeokoka, mbona hukuja kwaya, mbona sketi fupi. Doha, kimya. Nikaanza kuogopa kwamba imani yangu, kwa kukosa kuulizwa muda mrefu, huenda ilishaondoka bila kuaga, na mimi sijui.

Ibada ya Kiswahili ikiisha, tuliobaki tulifundishwa na Mganda mmoja, dereva wa familia fulani huko Al Wakrah, mzee mwenye sauti nzito na soksi safi. Tulimwita Mwalimu. Mwaka ule alishikwa na habari za Wakristo wa kwanza chini ya Warumi, na akatushika na sisi. Alituchorea ubaoni samaki, mistari miwili tu inayopishana mkiani. Akasema kwamba kwa Kigiriki cha zamani herufi za neno la samaki ndizo herufi za kwanza za maneno ya ungamo lao, Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi, ndiyo maana walimchora makaburini na kwenye pete, na asiyejua aliona kitoweo. Akachora nanga, akatuonyesha msalaba uliojificha ndani yake. Halafu akafika kwenye ubani.

"Hawakuambiwa watukane Yesu kwanza," alisema. "Waliambiwa tu, weka ubani kidogo kwa moto, mbele ya sanamu ya Kaisari. Kidogo hivi. Halafu unaenda nyumbani kwa watoto wako."

Alionyesha kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada vikigusana. Nilivitazama vidole vile, kisha nikavitazama vyangu, kwa sababu ndivyo ninavyoshika mimi chembe ya udi.

Mwalimu akatunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Ijumaa baada ya Pasaka. Yeye angekuwa liwali wa Kirumi, kwa sababu ya sauti, na shuka jeupe la kujifunga tulikuwa nalo. Mimi nikapewa sehemu ya mwanamke anayekataa kutia ubani. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia, basi, hapa nitaulizwa na hapa nitajibu.

Chetezo nilimwomba mwenzangu wa chumbani. Alikuwa Mwislamu wa Unguja, mtandika vitanda katika hoteli yetu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa na chetezo cha udongo alichopewa na mama yake siku ya safari, akikitunza kama yai.

"Mnaazima chetezo ili msifukize?" aliniuliza. "Nyie watu mna mambo."

"Utanipa au hutanipa?"

"Chukua. Ukikivunja, shoga, usirudi chumbani."

Siku ya mazoezi tuliwasha kaa la kweli, maana Mwalimu hakutaka mambo ya kujifanya. Liwali akasimama na shuka lake. Nikaletwa mbele yake. Akanguruma, "Tia punje moja tu, uende zako!"

Mkono wangu ukaenda. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilisikia harufu, nikaona kaa, nikaona mtu mkubwa anangoja, na mkono ukachukua ubani ukatia, mgongo ukainama, nikamwinulia liwali chetezo chini ya kidevu huku nikitabasamu. Hata marhaba nilimwambia, kama anavyokaribishwa mgeni wa hoteli.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tukarudia. Mkono ukaenda tena.

Mwalimu peke yake hakucheka. "Sister," alisema taratibu, "umetuuza."

Nadhani alitaka iwe mzaha, lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia kama anaona rahisi aje yeye abebe chetezo jioni nzima kwa viatu virefu, kisha tuone mkono wake utamtii nani. Nikavaa mkoba wangu nikaondoka. Chetezo nilikumbuka kukichukua, lakini kwaheri niliisahau.

Nilirudi kwa metro. Treni ya Doha inaingia chini ya ardhi na kutulia humo, na watu ndani yake hunyamaza, kila mmoja na usingizi wake, walinzi, wapishi, yaya wa Kifilipino na mtoto wa tajiri wake mapajani. Nilitazama ukuta mweusi ukipita dirishani. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba huko Roma walizika wafu wao kwenye mapango marefu chini ya mji, na kwenye kuta wakaacha samaki wao. Nikawa nawaona. Kila taa ya pangoni iliyopita niliona mstari mmoja na wa pili ukipishana mkiani, na watu waliochora wamekaa kwenye viti mbele yangu, wamechoka, wanarudi kutoka kazini kama sisi. Nilitaka kumuuliza mmoja wao, mkono wako ulijuaje? Nikaamka kituo changu kimeshapita.

Niliogopa, na sioni haya kusema. Ikiwa mkono wangu umeshajifunza kutia, nikiulizwa kweli nitajibu mimi au utajibu wenyewe?

Siku zilizofuata sikuipenda kazi tena. Nguzo za ukumbini zikawa za Kirumi. Kila mgeni mnene alikuwa liwali. Nikaenda kwa bosi nikamwomba anihamishe kufulia. Akashangaa, kwani kufulia ni joto na migongo inauma, akaniambia nifikiri mpaka Jumamosi, nimpe jibu jioni. Nilipomweleza mwenzangu chumbani, aliacha kukunja nguo akanitazama kama mgonjwa.

"Udi ni udi," alisema. "Kwetu tunamfukiza bibi harusi, tunafukiza kanga, choo pia tunafukiza. Choo nacho tunakiabudu?"

"Wewe hujui Warumi walivyo..."

"Warumi siwajui. Nakuuliza wewe. Huko hotelini kuna mtu kakwambia tia udi umkane Mungu wako?"

"Hakuna."

"Kuna mtu kakuuliza chochote?"

"Hakuna," nikasema, na nikaanza kulia, kwa sababu hilo hasa ndilo lililoniuma. Nilimwambia yote, kuhusu kuulizwa na kutoulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni kazi kubwa.

Idi ilikuwa imepita karibuni na alikuwa bado na hina. Alasiri ya Alhamisi alinikalisha kitandani, akaweka mkono wangu wa kulia juu ya mto, kiganja juu. "Huo mkono unakwenda kwa mazoea," alisema. "Tuuwekee kitu cha kuona ukifunguka."

Niliposema samaki, alisita, koni ya hina ikiwa hewani.

"Samaki nitakuchora," alisema. "Msalaba ungeniomba, ningekwambia hapana."

"Nisingekuomba."

"Najua. Ndiyo maana nakuchora."

Akainama. Hina ilikuwa baridi, yenye harufu ya karafuu, na jua la dirishani lilikuwa la rangi ya chai. Alianza na maua kwenye vidole, majani yakashuka, na katikati ya majani yale akapitisha mistari miwili, akaweka nukta ya jicho. Usingejua samaki yupo mpaka nifungue kiganja chote. Nilihisi kana kwamba mtu ananiandika jina langu nisije nikalisahau.

Ijumaa liwali alinguruma vilevile. Mimi na Mwalimu tulikuwa tumeshapatana kwa soda. Kaa likawaka, harufu ikanijia, mkono ukaenda, kiganja kikafunguka juu ya ubani, nikamwona samaki. Nikakunja ngumi. Nikasema maneno yangu yote, nikahukumiwa kuliwa na simba, mtoto wa mtu akaangua kilio, watu wakapiga makofi. Mwalimu alinikumbatia na shuka lake likamdondoka.

Lakini kwenye metro nilikifungua kiganja nikakitazama. Maneno yale alinipa Mwalimu, simba walikuwa wa maneno matupu. Sikuwa nimejua chochote zaidi ya nilichojua jana yake.

Jumamosi jioni nilitoka na chetezo nikijua ni mara ya mwisho, maana nilikuwa nimeshaamua kwenda kufulia. Bosi alisimama mapokezi akinisubiri nimalize. Kwenye kochi la karibu na nguzo alikaa bibi mmoja wa Kikatari, mzee, mwenye ile barakoa ya zamani inayong'aa kama dhahabu, wanayovaa mabibi wa huko. Nikasimama, nikatabasamu, mkono ukaenda kwenye udi.

Akanishika kifundo cha mkono.

Hakukishika kwa nguvu. Alikigeuza tu kuelekea taa na kiganja kikafunguka. "Nini hiki?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Samaki," nikasema, na alilielewa neno bila shida, maana kwa Kiarabu nako ni samak.

Alicheka. "Nani huchora samaki? Watu huchora maua. Samaki wa nini?"

Ningeweza kusema ni pambo tu. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni, tamu, lenye tabasamu lake, na lisingemdhuru mtu. Kaa lilikuwa jekundu kati yetu. Hakukuwa na liwali, hakukuwa na simba, palikuwa na bibi tu anayetaka kujua, na moyo wangu ukapiga kama wa mtu aliyepandishwa kizimbani.

"Ana masihiya," nikasema. Mimi ni Mkristo. "Ni alama ya watu wetu wa zamani."

Sauti ilitoka juu kuliko nilivyokusudia, ikakwaruza. Kule mapokezi bosi aliinua kichwa. Bibi alinitazama kupitia matundu ya barakoa, na moshi ukapita mbele ya macho yake, na mimi nikasubiri, sijui nilisubiri nini. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya mkia wa samaki, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Aliyechora ana mkono mwepesi," alisema. "Nani?"

"Rafiki yangu. Mwislamu, wa Zanzibar."

"Ah," akasema, kana kwamba hilo limeeleza kila kitu. Akaniachia mkono. Akaukusanya mtandio wake, akaufungua kidogo mbele ya kifua ili upokee moshi, akafumba macho.

"Zidi," akasema, yaani niongeze.

Joto la kaa nililihisi mpaka kwenye kiganja. Kwa bosi sikwenda jioni ile, wala kufulia sikukuona. Nilichukua udi, nikatia chembe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Doha nilijua kwamba ni mimi ninayeitia.